Diski Iliyogonga Mchana Kutwa

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, alitengeneza kompyuta kwa masikio. Watu hucheka nikisema hivyo, wacheke. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya diski, mpini akauegemeza sikioni, akafumba macho kama anayeonja mchuzi. Kisha akatoa hukumu: "Hii nzima." Au: "Hii inagonga, bwana. Hamisha vitu vyako leo leo." Hakukosea. Mtaani walimwita Daktari, naye akajifanya jina hilo halimpendezi.

Tulikuwa chumba kimoja cha kazi, mimi na cherehani yangu karibu na mlango, yeye na lundo lake la kompyuta ukutani. Utani ndio uliotusukumia siku. Nikimwambia kipara chake kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, ananijibu kwamba magauni yangu humkaa mtu vizuri mpaka atakapothubutu kuketi. Neno la mwisho lazima liwe lake.

Mwaka ule akapunguza maneno. Nimchokoze, kimya. Nimwite tule, haitiki. "Umetia pamba masikioni?" nilimfokea. Nilidhani tangu mdogo wake afariki ameniona mimi si mtu wake tena, nami nikanuna. Ninajua kununa.

Siku moja mama mmoja, mwalimu mstaafu, alileta kompyuta yake. Ilikuwa nzito, inajizima ovyo, na ndani yake mlikuwa na masomo yote aliyoyaandaa tangu aanze kufundisha.

Shemeji akaisikiliza kwa bisibisi. "Diski nzima, Mwalimu, kimya kabisa. Nitakupigia mfumo mpya, Linux, pembeni, vitu vyako sivigusi."

Linux ilianza vizuri, ikafika katikati, ikakwama. Kwenye kioo yakatokea maandishi kwamba diski imeshindwa kusomeka. Shemeji akasema ni waya, akabadilisha waya. Ikakwama. Akasema flashi ndiyo mbovu, akaandaa nyingine. Ikakwama. Akachomoa RAM, kile kijibao cha kumbukumbu, akaweka ya kompyuta nyingine, akaanza upya. Ikakwama palepale. Mchana kutwa alikuwa akiilazimisha diski ile ifanye kazi isiyoiweza, na mimi nikishona zangu, cherehani ikinguruma.

Alasiri nikaiacha cherehani, nishone vifungo kwa mkono. Ndipo niliposikia. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Nilidhani kuna mtu anabisha hodi, nikageuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

"Shemeji, hiyo diski inagonga."

Hakugeuka.

"Shemeji!"

Bisibisi ilikuwa sikioni mwake, macho kayafumba. "Nzima hii," alijisemea. "Sasa tatizo liko wapi?"

Kinyongo changu chote kiliniishia papo hapo. Nilimwendea, nikamshika mkono, nikaweka vidole vyake juu ya diski. Ikagonga. Akavitazama vidole, akanitazama mimi. Akaiweka tena bisibisi kwenye sikio la kulia, halafu la kushoto. Kisha akailaza mezani polepole.

"Imegonga tangu lini?" aliuliza, kwa sauti kubwa mno.

"Sijui. Cherehani ilikuwa inapiga kelele."

Alikuwa akinitazama midomo. Nikatambua kwamba amenitazama hivyo kwa miezi mingi, nami nilikuwa nikimpa mgongo kwa hasira.

Aliacha Linux, akajaribu kuyahamisha masomo ya Mwalimu. Diski iligonga kidogo, ikanyamaza, na kompyuta haikuiona tena.

"Ningeisikia asubuhi, ningemhamishia vitu vyake kwanza," alisema. "Kazi yote ya mama wa watu, shemeji! Nimeiua kwa mikono yangu. Kesho nitaisikilizaje ya mwingine?"

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika mdogo wake. Iliniuma sana, na kwa kuwa sikujua la kufanya, nilifanya lile tulilozoea. Nilikaa mbele yake, uso kwa uso, nikamwambia afute machozi haraka, yasije yakapanda juu na kukiosha kipara chake, watu wakajitazama humo wakidhani ni kioo. Nilisema taratibu, nikingoja anirudishie kuhusu magauni yangu.

Alinikazia macho mdomoni, akacheka. Alicheka kabla sijafika kwenye kipara, akidhani nimemaliza.