Simu ya Mwenyekiti Mpya

Kwa miaka mingi Generoza aliongoza chama cha wakunga, tawi la Kilosa. Alipanda bodaboda hadi Kisanga, akafika Mikumi, akiwabembeleza wenzake wajiunge. Siku alipomkabidhi uenyekiti Happyness, binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi, ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Generoza alitabasamu huku akiona wivu. Yeye hakuwahi kushangiliwa hivyo.

Wakiwa wanakula pilau, simu ya Happyness iliita. Mkunga wa Dumila alikuwa na mzazi aliyekuwa akivuja damu sana. Zamani simu kama hizo zilikuja kwa Generoza.

“Mama, utaongea naye wewe?” Happyness aliuliza.

“Mwenyekiti ni wewe,” Generoza alijibu kwa ukali ambao hakuukusudia.

Happyness akamwelekeza mwenzake kwa utulivu. Generoza alisikiliza kila neno akitafuta kosa, asilione. Baadaye Dumila wakapiga tena: damu imekata, mama mzima. Vigelegele vikarudi.

“Angenishirikisha hata kidogo,” Generoza alilalamika walipofika nyumbani.

“Si alikupa simu ukakataa?” mumewe, Herman, aliyekuwapo pia ukumbini, alimuuliza.

Generoza akainuka, akaenda kuanua nguo.