Posa Ambayo Haijavunjwa

Wageni saba walikaa nyumbani kwetu Jadida, mjini Wete, Pemba, tangu baada ya sala ya Adhuhuri mpaka Alasiri ikaadhiniwa, na hakuna hata mmoja aliyemeza kitu kilichopikwa jikoni kwetu. Walikuwa wametoka Unguja Mjini kuja kupanga mahari na siku ya harusi ya dada yangu. Mimi ndiye niliyeyaingiza masinia kwa wanaume, na mimi ndiye niliyeyatoa, kwa hiyo nasema ninalolijua. Wali ulikuwa umeguswaguswa pembeni, umerudishiwa juu yake ili uonekane umeliwa. Kuku alikuwa mzima.

Dada yangu ni muuguzi. Alipomaliza mafunzo alipangiwa kazi Unguja, akakaa kwa shangazi yetu. Kazini alijuana na kijana mmoja wa stoo ya dawa, mtoto wa Mjini kwa baba na kwa mama. Dada alipenda kupika. Kwa Ramadhani mbili, kila alipokuwa zamu ya jioni, alibeba futari ya kuwatosha wenzake: muhogo wa nazi, pweza, kaimati. Kijana yule alikula pamoja na wengine. Shangazi alitusimulia kwamba alikuwa akirudisha bakuli limekombwa na kuuliza kesho kuna nini. Wenzake walimtania kwamba ameshalishwa limbwata la Kipemba, naye akawajibu kwamba, kama ndilo hilo, waliongeze nazi.

Barua ya posa ilikuja kwa utaratibu wake. Baba akaijibu kwa maandishi kwamba amekubali. Tangu siku hiyo dada akawa mchumba wa mtu, mbele ya dini na mbele ya jirani.

Nilikwenda kuwapokea wageni bandarini Mkoani. Walikuwa wanaume wanne na wanawake watatu, kijana mwenyewe na mama yake wakiwa miongoni mwao. Kwa kawaida muoaji haendi kwenye mazungumzo kama yale, lakini alikuja ili awe kiungo kati yetu na wazee wake. Ami yake, mtu mnene mwenye maneno mengi, ndiye aliyekuwa mkubwa wa msafara. Waliposhuka tu aliwasimamisha gatini.

"Tuhesabiane kabisa," alisema. "Tukirudi sita na mbuzi mmoja, tujue."

Walicheka wote. Mimi pia nilicheka. Nalitaja hili kwa sababu baadaye, nyumbani, niliulizwa walianza lini mzaha wa uchawi, nami sikusema kwamba walianza pale na kwamba nilicheka nao.

Njiani ami aliniuliza chuo kikuu chetu kiko kijiji gani. Nilidhani anauliza mambo ya shule, nikamwambia Pemba hatuna chuo kikuu. Gari zima likacheka tena. Akanifafanulia kwamba anakusudia kile cha kurogea. Nikamwambia sisi ni watu wa Wete, tunaishi karibu na soko na skuli, baba yangu ni karani mstaafu.

"Ndivyo mnavyosema nyote," akasema, na akanipigapiga bega kwa upole.

Nyumbani, mama na jirani zake walikuwa wamepika tangu alfajiri. Masinia yalipowekwa, zikaanza sababu. Ami alikuwa na sukari. Wa pili alikuwa amekula melini. Wa tatu alikuwa amefunga, ingawa nilimwona Mkoani akivuta sigara. Kijana alisema tumbo limemchafuka kwa mawimbi, akawa anaviangalia viganja vyake.

Baba siku ile alikiweka kando Kipemba chake na kusema Kiswahili cha ofisini, kile alichokuwa akiandikia barua kwa miaka thelathini. Alizisikiliza sababu zote bila ya kuingilia. Halafu akafanya jambo ambalo sijamwona mwenye nyumba akilifanya kabla wala baada ya siku ile. Alinawa, akajisogeza kwenye sinia la wageni, akala yeye mwanzo. Alikula wali, akala mchuzi, akanywa juisi iliyokuwa mbele ya ami. Alikula taratibu, tonge baada ya tonge, na kila mtu akimtazama. Alipomaliza akasema, "Bismillahi, jamaa. Karibuni."

Nilikuwa nimeinama nikimmiminia baba maji ya mikono. Yule aliyesema amefunga alimwegemea mwenzake akanong'ona, nami nikasikia.

"Yeye ana kinga yake."

Nimelifikiria neno lile kwa miaka mingi. Baba asingekula, ingekuwa ushahidi. Alikula, ikawa ushahidi. Sijui alibakiwa na lipi la kufanya.

Wanawake walikuwa ndani na mama. Waliomba chumba cha kusalia, wakajifungia kwa muda. Walipoondoka mama alikunja mkeka akakuta chini yake maganda ya mayai ya kuchemsha. Walikuwa wamekuja na chakula chao ndani ya mikoba. Mama aliyakusanya maganda yale kwenye upande wa kanga, akayatupa, na hakumwambia baba mpaka siku ya tatu.

Mahari ilikubaliwa bila ya ubishi. Mlangoni ami alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, kuhusu siku ya harusi, tunakwenda kushauriana. Tutaleta jibu."

Jibu halikuja. Baba aliandika barua baada ya miezi miwili, akaandika ya pili baada ya mwaka. Barua zote mbili alizipeleka kwa mkono wa mtu, na zote mbili zilipokewa.

Dada aliporudi kazini Unguja, maneno ya uchawi yalikuwa yameshamtangulia. Ramadhani iliyofuata alibeba futari kama desturi, na wenzake waliokula kwa miaka miwili wakaanza kusema wameshiba. Kijana wa stoo alibadilisha zamu. Dada hakugombana na mtu. Aliomba uhamisho, akarudi Pemba.

Mwalimu mmoja wa kisiwani Fundo, aliyefiwa na mke na mwenye mtoto mmoja, alileta posa. Baba alimpokea vizuri, akampa chakula, mwalimu akala. Kisha akamwambia hawezi kumjibu. Binti ameshaposwa, yeye baba mwenyewe alikubali kwa maandishi, na waliomposa hawajasema wameacha. Dini inakataza kuposa juu ya posa ya mwenzio mpaka mwenyewe aache. Mama alimwita Shehe wa msikitini aje aseme na baba. Shehe alisema kunyamaza muda wote ule ni kuacha. Baba alimsikiliza, akamwambia kwamba kunyamaza si neno.

Mimi alinieleza upande wa pili wa hofu yake tulipokuwa wawili tu. "Nikimtoa kwa mwengine, watasema sie ndio tuliovunja. Na hilo pia watalipachika jina."

Miaka ilikwenda hivyo. Siku moja nilikuwa Chake kwa shughuli zangu, nikakutana na yule kijana nje ya uwanja wa Gombani. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, amekuja na ujumbe wa kikazi. Aliniita shemeji, akajikwaa kwenye neno hilo. Nilimuuliza swali moja: alikula chakula cha dada Mjini Ramadhani mbili, mbona Wete hakula?

"Mama alikuwepo," alisema.

Nikamwomba basi atamke tu kwamba wameacha, nimfikishie mzee neno hilo. Aliangalia upande wa gari lao lililokuwa likimngoja. Akasema hilo ni la wazee, si lake. Ami yake ameshafariki, atamuuliza mama yake. Alikuwa ameoa, ana watoto watatu. Nilimwambia baba kila kitu jioni ile. Aliuliza kama neno lenyewe limetamkwa. Nikasema hapana.

Baba alifariki mwaka uliopita. Walii wa dada, mwenye haki ya kumwozesha, sasa ni mimi. Mwalimu wa Fundo, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuoa, ameandika tena. Nilimpelekea dada barua ile akaisoma akiwa amesimama. Alisema mwalimu ni mtu mwema, na hamtii ila yoyote.

"Lakini wale nataka waseme kwa midomo yao," akasema, "kwamba wameacha na kwa nini wameacha."

Nimeandika Unguja mara mbili. Mara ya pili nilipeleka barua mwenyewe, nikaikabidhi kwa mama yule mlangoni kwake. Alinikaribisha vizuri, akaniletea chai na vitumbua. Nilikunywa, nikala. Akasema watashauriana, wataleta jibu.

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Barua ya mwalimu ipo kwangu, na sijaijibu.