Siku Tatu za Mgeni

Shuleni tulifundishwa kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Niliitumia kwenye insha nikapewa alama nzuri. Kisha nikaolewa hapa hapa Garissa, kwa mama mkwe ambaye hajawahi kumiliki jembe, na kwake mgeni ana siku tatu kamili. Siku hizo mgeni anakula, analala, anachekeshwa. Haombwi kitu. Mwenye nyumba akimwomba mgeni kabla siku tatu hazijaisha, amemkamua ngamia wa watu. Hiyo ndiyo sheria iliyonikaba koo, na nisitarajiwe kuisimulia kwa upole.

Wazee wawili wa misheni walifika Jumapili jioni, mume na mke, Wazungu. Mzee alikuwa amestaafu baada ya kutengeneza viatu vya chuma maisha yake yote, viatu vya watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda. Mkewe alikuwa nesi, naye amestaafu. Walikuwa na wiki moja tu: siku tatu za kuhudumu zahanatini, siku mbili za kutembezwa, Jumamosi alfajiri waondoke. Zahanati iliwatafutia mahali penye ukuta na geti, na kwa mama mkwe kuna vyote viwili. Mimi nikafanywa mkalimani, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne.

Nina binti. Wakati huo alikuwa na miaka minne. Mguu wake wa kulia umepinda kuelekea ndani, anakanyagia ukingo, na ngozi ya pale imekuwa ngumu kama ya kisigino. Nilipoambiwa kazi ya mzee yule nililia kwa furaha jikoni, mikono ina unga.

"Utamwambia," mama mkwe akasema. "Alhamisi."

"Mama, kazi yao inaisha Jumatano."

"Wamelala kwako au kwangu?"

"Kwako."

"Basi Alhamisi. Sitaki watu waseme nilifungua geti nikiwa na kibuyu mkononi."

Nikasema, sawa, sitaomba, nitamwacha mtoto acheze uani wamwone wenyewe. Akanitazama kama nimemtukana. Kumweka mtoto mwenye kilema mbele ya mgeni, alisema, ni kuomba bila mdomo. Nikampigia mume wangu, ambaye biashara yake iko Mandera. "Msikilize mama," akasema. Hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu tangu anioe. Binti yangu akahamishiwa chumba cha nyuma, kile cha mikeka na magunia, akapewa redio na biskuti.

Jumatatu, Jumanne, Jumatano nilishika miguu ya watoto wa watu. Akina mama walitoka Wajir, walitoka Hadado, wengine Rhamu, siku mbili barabarani. Wao hawakuwa wenyeji wa mtu, kwa hiyo waliruhusiwa kuomba tangu saa ya kwanza. Mzee alilowesha vitambaa vya plasta, akauzungushia mguu, akangoja ikauke, akaikata plasta kwa mkasi na kuivua kama ganda. Ndani mlibaki umbo la mguu wa mtoto yule. Maumbo hayo yangepelekwa Nairobi, viatu vitengenezwe kwa vipimo vyake. Kazi yangu ilikuwa kubembeleza. "Usilie, ni soksi ya uji hii. Umewahi kuvaa soksi ya uji?" Watoto walicheka. Nilikuwa hodari sana.

Mama mmoja wa Rhamu aliniuliza, "Abaayo, dada yangu, wewe una mtoto?"

"Ninaye."

"Mzima?"

"Alhamdulillahi," nikasema. Ningesema nini?

Jioni mama mkwe aliwalisha mpaka wakapumua kwa shida. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini hakuogopa kukitumia. "Kula, mzee, kula bilau. Wewe hana nyama kabisa."

"Asante, mama, nimeshiba," mzee akajibu kwa Kiswahili kidogo alichojifunza.

"Hapa hakuna kushiba."

Walicheka wote watatu. Walipendana, huo ndio ukweli, na ulinichoma zaidi. Jumanne jioni, katikati ya kicheko, binti yangu akaanza kuimba kule nyuma pamoja na redio. Nesi akageuza kichwa. Akaniuliza kwa Kiingereza, kuna mtoto hapa? Mama mkwe alielewa bila kutafsiriwa. "Wa jirani," akaniambia kwa Kisomali.

Nikatafsiri. Kwa mdomo huu huu. Nikasema ni mtoto wa jirani.

Jumatano saa tisa mfuko wa mwisho wa plasta uliishia kwenye mguu wa msichana wa Hadado. Mzee akaukung'uta ule mfuko, vumbi likamjaa kwenye nyusi, akacheka. Makasha ya yale maumbo yakapakiwa kwenye lori la Nairobi. Nilisimama nikalitazama lori mpaka likapotea.

Alhamisi mama mkwe alitimiza neno lake. Alimwogesha mjukuu wake mwenyewe, akampaka mafuta, akamvika gauni la Idi, akamleta kwenye chai akiwa amemshika mkono. Uso wake ulikuwa na fahari. Kwake yeye mambo yote yalikuwa yameenda sawa.

Mzee akaweka kikombe chini. Akapiga magoti kwenye mkeka, akauchukua ule mguu, akaugeuza polepole, huku na huku.

"Huyu ni wa nani?"

"Wangu."

"Alikuwa wapi?"

Mkewe akanitazama. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ndiye wa jirani?"

Hawakunigombeza. Afadhali wangenigombeza. Mzee alisema tu kwamba plasta imekwisha, na kwamba jana asubuhi alikuwa nayo.

Nje askari wakapiga honi. Wageni hawatembezwi bila askari, na askari walikuwa wamepangwa siku ile, wawapeleke kuona twiga. Mzee akasema haendi, atabaki ajaribu jambo. Mama mkwe akaniuliza anasema nini, nikamwambia.

"Hapana! Mgeni wangu hakosi safari yake kwa ajili yetu. Mwambie aende."

Hilo pia nikalitafsiri. Nikapanda gari pamoja nao, maana mkalimani ni mimi.

Twiga walikuwepo, wengi, wanakula migunga. Watoto wao wana miguu mirefu iliyonyooka kabisa. Nesi alilia mpaka tukarudi, ameuelekeza uso dirishani. Mzee hakupiga picha hata moja. Alasiri alimsimamisha binti yangu juu ya karatasi ya daftari langu, akauchora mguu kwa penseli, akaupima kwa futi ya fundi cherehani. "Bila plasta ninabahatisha," aliniambia. Alirudia kunieleza hivyo Ijumaa, na tena Jumamosi pale getini.

Viatu vilikuja baada ya Ramadhani. Vilimbana hapa, vikampwaya pale. Niliweka pamba, niliweka soksi mbili, nikamvika wiki mbili mfululizo mpaka kifundo kikatoka kidonda, akawa akiviona anajificha chumba kile kile cha magunia. Niliwaandikia wale wazee. Nesi akajibu kwamba mikono ya mzee sasa inatetemeka, hawasafiri tena, wanatuombea. Hospitalini nimeambiwa mfupa unazidi kuwa mgumu, sasa ni upasuaji, mbali, na foleni ni ndefu. Msichana wa Hadado ana viatu vyake. Namwombea mema, wallahi. Lakini nikimkumbuka natamani kuvunja kitu.

Nimemkasirikia mama mkwe miaka miwili. Nimejikasirikia mimi zaidi, maana yeye aliifuata sheria anayoiamini, mimi nilifuata ile nisiyoiamini.

Mwezi uliopita alikuja rafiki wa mume wangu kutoka Wajir, mtu wa serikali, ana mkoba. Hajakaa vizuri, hajapewa hata maji, nikaubeba mguu wa binti yangu nikauweka mapajani mwake.

"Tazama."

Akaduwaa. "Dada, mimi ni daktari wa ngamia."

"Tazama tu."

Akautazama kwa heshima, akaubonyeza hapa na pale, akasema hajui. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na birika. Nilingoja anikemee mbele ya mgeni. Akaweka birika chini bila kumimina, akamsogelea yule mtu.

"Unamjua anayejua?" akamuuliza.