Kiti cha Mninga cha Mama

Watu wa maonyesho siwapendi, na wala sifichi. Nauza samani za zamani pale Maili Moja: makabati ya vioo, meza za redio, taa za chemli, masanduku ya mbao yaliyokaa uvunguni miaka na miaka. Mtu wa maonyesho akifika kwenye banda lako anagonga kabati kwa kucha, anauliza kama lina mende, anapiga nalo picha, anaondoka. Ukimuuliza kama atanunua anakukodolea macho kana kwamba umemwomba figo.

Lakini kuna mwaka walifanya maonyesho ya samani na mapambo ya ndani hapa hapa Kibaha, nikaona nisiposhiriki wenzangu watanisema. Waandaaji wakataka kila banda lipangwe kama sebule kamili. Sebule yangu ilikosa kiti cha maana, basi nikaenda Kisarawe kwa mama.

Kiti chenyewe ni cha mninga, cha mikono, kikalio chake kimesukwa kwa henzirani. Magoti ya mama yamekwisha. Hawezi kusujudu chini, anasali amekaa, na kiti hicho ndicho kinachomfaa kwa sababu ni kirefu, kizito, na hakitelezi. Cha plastiki kilishawahi kumwangusha. Miguu ya kiti ilitanuka kwenye sakafu ya saruji yeye akiwa katikati ya sala. Siku hiyo alisimama mlangoni akiangalia kiti chake kinavyofungwa kwenye kigari cha kirikuu.

"Mwanangu," akasema, "wakimaliza hayo maonyesho yao, kirudi. Usinifanye nisali huku naogopa."

Ukumbini nikaandika HAKIUZWI kwenye karatasi, nikaibandika kwenye mgongo wa kiti.

Siku ya mwisho akaja bwana mmoja wa Tumbi, mtumishi wa serikali, ninayemfahamu kwa sura. Mnyamwezi. Sisi Wazaramo na wao ni watani tangu enzi za misafara, walipokuwa wakibeba mizigo hadi Pwani. Mtani ana ruhusa ya kukusema lolote mbele za watu, kukupokonya hata kofia kichwani, na wewe ukinuna, mwenye aibu ni wewe. Akakizunguka kiti, akakipigapiga.

"Mninga huu umetoka kwetu Tabora," alisema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Ninyi Wazaramo mti kama huu mngeuona wapi? Mmeuiba, mkaukalia mkisubiri ngoma ianze. Leo naurudisha kwao."

Watu wakacheka. Na mimi, na akili zangu zote, nikamjibu, "Beba, mtani. Kubeba si ndiyo kazi iliyowaleta Pwani?"

Wakacheka zaidi, nikaona nimemmaliza. Nikaenda kugombana na waandaaji waliokuwa wamekata umeme kwenye banda langu. Niliporudi, penye kiti palikuwa na karatasi yangu imelala sakafuni.

Kwenye banda la jirani alikuwepo mwanamke wa mito na mapazia, aliyeninunia tangu tulipofungua kwa madai kwamba kabati langu linamziba. Siku hiyo ndipo nilipoyaona meno yake.

"Kachukua mtani wako," akasema. "Si ulimwambia abebe? Sote tumesikia."

Nikaitafuta namba ya yule bwana, nikampigia simu. Nikamwambia utani umekwisha, kiti ni cha mama, mama hukikalia akisali. Akaangua kicheko akauliza Wazaramo tumeanza lini kusali. Halafu akasema baba yake amekipenda sana, amekikalia hataki kuondoka. Nikajua bado ananitania, nikamkatia simu.

Nikapeleka mashtaka kwa baba yangu mdogo, Kisarawe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mtani hashtakiwi. Nikienda polisi kwa jambo la utani, ukoo mzima tutachekwa mpaka Maneromango. "Na wewe ngoja zamu yako," akasema. Kila mtu anajua zamu ya mtani ni lini. Ni kwenye msiba.

Nilimpelekea mama viti vingine. Kimoja kilikuwa kifupi mno, kingine mikono yake ilimbana. Akarudi kwenye cha plastiki, akakisukuma hadi ukutani, akawa anasali mkono mmoja umeshika nondo ya dirisha. Kila nikifika, kabla hata hajaitikia shikamoo yangu, anauliza, "Kimefika?" Ndiyo maana nasema yule bwana nilimchukia. Nilimchukia nikila, nilimchukia nikipiga msasa.

Siku nilipoambiwa amefiwa na baba yake sikuhuzunika, nisije nikadanganya watu. Nilivaa khanga nikaenda Tumbi.

Kiti kilikuwa barazani, hakikukaliwa na mtu, ingawa wazee wengine walikuwa wamekaa juu ya matofali. Nikakiendea moja kwa moja, nikakaa, nikatangaza kwamba mwizi kapatikana. Msiba mzima ukacheka, maana ndivyo inavyotakiwa, mtani awachekeshe wafiwa. Wakanichangia hela ili wakikomboe. Nikakataa. Wakaongeza, nikakataa tena, na kicheko kikaanza kupungua.

Mjane alikuwa kwenye mkeka. Akasema taratibu, hakuwa akiniambia mimi hasa, "Mzee tangu apooze hakuweza kukaa popote ila hapo. Pengine pote alikuwa anaanguka."

Nilisimama nikakishika kiti nikiburute. Mwanawe, yule mtani wangu, akatoka ndani, macho mekundu, akakiinua yeye mwenyewe mpaka kwenye bajaji, akakifunga kamba.

"Beba, mtani," akasema. "Leo kubeba ni zamu yenu."

Hakucheka. Nilitaka acheke, nipate la kumjibu. Njia nzima ya Kisarawe nilikuwa natunga matusi ambayo ningemrushia.

Mama alikipangusa kwa ncha ya khanga yake, akakaa, akajisogeza, akajisogeza tena.

"Aliyekikalia alikuwa anaegemea kulia," akasema.

"Amekufa," nikamwambia.

"Inna lillahi." Akanyoosha ushungi wake akaanza kusali.

Henzirani imebonyea upande ule, kwa hiyo siku hizi mama naye anasali ameegemea kulia. Nimemwambia mara nyingi niisuke upya, amekataa. Akimaliza sala anamwombea dua mtu ambaye hakuwahi kumwona, baba wa yule mwizi, kisha ananisubiri. Na mimi, niliyesimama mlangoni, inabidi niitikie amina.