Yule Mama wa Kwenye Miksi

Mtaani walimwita Koroga, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kukoroga nyimbo: anachukua thelathini, anaziunga ziwe wimbo mmoja mrefu usiokatika, kisha anawapa watu. Alikuwa na miksi ya mvua, ya taratibu, kwa watu waliokwama ndani. Alikuwa na ya joto, ya kufunga shule, ya kufungua shule, na ile kubwa kuliko zote, ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Hiyo ikitoka asubuhi, kufikia jioni imeshafika kwa kinyozi, saluni, bucha, na kwenye simu za watu ambao Koroga hajawahi kuwatia machoni. Mtu akikuambia hajaisikia, ujue amelazwa au ana kiburi.

Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma nyumbani kwa mama yake mdogo, mshonaji wa sare za shule. Ukutani alikuwa ameegemeza godoro kuukuu la kuzuia kelele, kwa sababu upande wa pili cherehani ililia mchana kutwa. Mama mdogo ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita, na Koroga alimwita mama tu, bila nyongeza.

Mwaka huo, zikiwa zimebaki wiki mbili sikukuu zifike, mama mdogo aliingia studio na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Hiyo miksi yako inafika mbali?"

"Inafika hata nisikokujua, mama."

"Basi nitie na mimi humo."

Koroga hakuhitaji kuuliza kwa nini. Binti wa mama mdogo, aliyekula naye sahani moja tangu utotoni, alikuwa ameondoka miezi minane iliyopita. Waligombana kwa sababu ya chuo alichokiacha. Mama akafoka, "Toka, nisikuone!" Mtoto, mkaidi kama aliyemzaa, akatoka kweli. Hasira hasara, tunaambiwa tangu wadogo, na bado tunazila kama njugu. Simu ya binti ilizimwa siku ileile, haikuwaka tena.

Mama akasimama mbele ya maiki wima kabisa, kama anapigwa picha ya kitambulisho. Akasema: "Mwanangu, rudi nyumbani. Sina hasira tena. Kitanda chako nimekitandika." Kisha akatoka mbiombio, na cherehani ikaanza kulia.

Sasa sikiliza kosa la Koroga, maana ni kosa la fundi, mtu mwingine asingelifanya. Alitaka maneno yale yasirukwe, akayaweka pale wimbo mkali kuliko yote unapotulia kidogo kabla ngoma hazijapasuka. Hapo hakuna anayegusa simu. Mpaka hapo sawa. Lakini mkono nao una mazoea yake: ukakata "sina hasira", ukairudia mara tatu, ukaipa mwangwi, na ngoma zikaangukia palepale kwenye "tena". Aliposikiliza, kichwa kilimtikisika chenyewe. Ilikuwa tamu. Jamani, ilikuwa tamu sana, na hilo ndilo lililomtesa baadaye.

Siku ya tatu tangu miksi itoke, mtaa mzima uliimba. Mshambuliaji akikosa goli, uwanja unaitikia, "Rudi nyumbani, sina hasira tena!" Mwenye bucha akimpa mteja mfupa mtupu anamwambia, "Usiondoke, sina hasira." Saluni wanawake walisimama na vitana mikononi wakasubiri zile "sina hasira" tatu ili waruke pamoja. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Nani angejua kwamba mama yule ni mama wa mtu?

Mama mdogo alirudi kutoka kununua vifungo, akauweka mfuko mezani, akakaa.

"Kwani nilisema vibaya?" akauliza.

"Hapana, mama. Ulisema vizuri."

"Mbona wanacheka?"

Koroga aliingia studio akatengeneza miksi nyingine bila yale maneno, akaisambaza kwa kila aliyemjua, akawabembeleza wafute ile ya kwanza. Majibu yalikuja hapohapo: "Koroga, umemsahau yule mama!" Mmoja akamrudishia ile ya zamani, akimsaidia, eti pengine imempotea. Maji yakimwagika hayazoleki. Ya Koroga yalikuwa yameshaingia kwenye nyumba za watu. Alitembea mpaka kwa kinyozi akaomba kwa mdomo wake mwenyewe. Kinyozi akafuta mbele yake, na mteja aliyekuwa kwenye kiti, povu mashavuni, akatoa simu yake akaipiga upya ile miksi.

Simu ya binti iliingia mchana, siku mbili kabla ya sikukuu. Namba ilifichwa.

"Kaka."

"Mdogo wangu! Uko wapi?"

"Saluni, nasuka. Usiniulize ya wapi. Nilikuwa nimeshafunga begi, kaka. Nilitaka nije kwenye sikukuu. Wakapiga miksi yako. Wote wakaitikia, na mimi nikaitikia. Nikaruka nao. Ningefanyaje, wanitazame? Sasa nije niseme nini? Niwe yule mtoto wa yule mama?"

"Njoo tu, watasahau."

"Mwambie mama nimemsikia. Aache."

Simu ikakatika. Koroga alibaki ameishika, akiita "haloo, haloo" peke yake. Ajabu ya dunia: maneno yalimfikia mwenyewe hasa, na ndiyo yaliyomzuia njiani.

Alifikiria kumficha mama. Lakini siku ya sikukuu yenyewe mama mdogo aliingia studio, nguo mpya mwilini, akauliza kama miksi ya mvua inakaribia, maana sasa ana maneno mazuri zaidi, hayachekeshi. Koroga akamweleza yote, hata habari ya begi.

Mama hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Hukumrekodi?"

Koroga, aliyewahi kurekodi mvua ikipiga bati na mbwa wa jirani akibweka, aliinamisha kichwa. "Sikumrekodi, mama."

"Basi sema kama alivyosema."

"Mama, mimi na hii sauti yangu..."

"Sema."

Akasema kwa sauti yake nzito: "Mwambie mama nimemsikia. Aache."

"Alisema kwa ukali hivyo?"

"Hapana. Alisema polepole."

"Sema polepole, basi."

Akasema polepole. Mama mdogo alikuwa amefumba macho.

"Rudia," akasema.