Choo cha Mama, Kisima cha Jirani

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, maana hakuna suruali iliyopita mikononi mwake ikatoka na pindo lililokaa upande. Cherehani yake ilikuwa sebuleni, karibu na dirisha. Nyuma yake, kwenye kitanda chembamba, alilala mama yake mzazi tangu siku alipoteleza kwenye ngazi ya choo cha uani akavunjika nyonga.

Choo hicho kilikuwa hatua ishirini kutoka mlango wa nyuma. Mara tano kwa siku Mama Pindo aliacha kitambaa chini ya sindano, akainama, akambeba mama yake mgongoni. Mwili wa bibi yule ulikuwa umechoka, lakini ulimi wake haukuwa na habari hiyo. Njiani alimkumbusha mwanawe kwamba yeye alimbeba tumboni, kisha mgongoni, na hakuguna hata siku moja. Basi wakafika wakicheka. Kilichomuuma bibi si nyonga. Ni kule kusubiriwa mlangoni kama mtoto.

Mama Pindo akaamua kumjengea choo ndani, kwenye stoo iliyopakana na sebule. Bomba lingemwaga kwenye shimo lile lile la maji taka la choo cha uani, alilolichimba marehemu mumewe miaka mingi nyuma. Kikwazo kikawa kanuni. Shimo linatakiwa liwe mita thelathini kutoka kisima chochote, na lake lilikuwa mita kumi na tisa tu kutoka kisima cha jirani, mzee mmoja fundi saa. Ilibidi aombe kibali cha pekee kwa kamati ya afya. Fundi saa hakusita. Alivua miwani yake ya kazi, akaandika chini ya barua kwamba hana pingamizi.

Kamati ilikutana kwenye chumba chenye feni iliyozunguka kwa kusitasita. Mwenyekiti, mkunga mstaafu, aliisoma barua polepole, na Mama Pindo akaona nyuso za wajumbe zikilainika. Aliyebaki mkavu ni bwana afya, ambaye watu walikuwa wamembatiza Bwana Hapana. Alisimama akasema barua ni nzuri, lakini maji hayasomi barua. Aliomba amwage rangi ya kijani isiyodhuru ndani ya shimo, kisha ndoo ya kwanza ya kisima iangaliwe kila asubuhi kwa siku kumi, ndipo wapige kura. Kamati ikamkubalia.

Mama Pindo alirudi nyumbani amefura, akasema mtu yule hajawahi kuuguza mzazi. Mama yake akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Wewe hukati kitambaa kabla ya kupima," bibi akasema. "Mwache na yeye apime."

Kila asubuhi mkwe wa fundi saa alichota ndoo ya kwanza, akaimimina kwenye beseni jeupe na kuliacha ukutani hadi saa tatu, bwana afya apite. Mama Pindo naye alikuwa akienda kuchungulia mapema, ili amcheke mtu yule moyoni. Siku tano maji yalikuwa meupe. Siku ya sita alipoinama, roho ikamruka. Maji yalikuwa na ukijani hafifu, kama wa jani changa.

Alitazama huku na huku. Mkwe alikuwa amekwisha kuingia jikoni. Angeweza kuyamwaga akachota mengine kwenye bomba la kwake, na nani angejua? Lakini akawakumbuka wajukuu wa fundi saa, wale wawili ambao matumbo yao hayakupata kupumzika mwaka mzima, na lawama zote wakatupiwa wauza matunda. Mtu hawezi kujua jambo kisha akalijua nusu. Hakungoja saa tatu. Alikwenda kwa miguu mpaka ofisini kwa bwana afya.

"Njoo uone," alimwambia. "Shimo langu linavuja."

Kisha akaenda kwa fundi saa, akasimama mbele ya meza yake iliyojaa visaa vilivyofunguliwa.

"Mzee wangu, wajukuu wako wanaumwa kwa sababu yangu."

Mzee aliweka chini saa aliyokuwa akiitengeneza. "Wewe hukujua, na mimi sikujua," akasema. "Sasa tumejua. Kaa kwanza."

Maombi yakakataliwa, na Mama Pindo mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema yakataliwe. Alidhani mambo yameishia hapo. Kumbe bwana afya alikuwa amechora mchoro mwingine: tanki la kufungwa, lisilopitisha tone, lizikwe mbele ya nyumba ambapo gari la kunyonya maji taka lingefika. Hapo nako kanuni ilidai mita tatu kutoka ukutani, na nafasi ilikuwa mita moja na nusu. Safari hii aliyesimama kumwombea kibali ni bwana afya mwenyewe, na mikono yote saba ikainuka.

Shimo la zamani lilinyonywa, likatiwa chokaa, likafukiwa. Kisima kikasafishwa na kutiwa dawa, na muda wote huo nyumba ya fundi saa ilichota maji kwenye bomba la Mama Pindo. Wajukuu wakanenepa mashavu.

Choo kilipokamilika, bibi alishika ukuta, akaingia peke yake, akafunga komeo. Mama Pindo alikaa kwenye cherehani bila kushona, machozi yakimtiririka.

Juma lililofuata alirudi ofisini kwa bwana afya kusema ahsante tu. Mtu yule aligeuza kalamu mkononi, asijue aiweke wapi. Akasema miaka kumi na moja watu wamekuja hapo kulalamika, na hajui mwenye kushukuru anajaza fomu gani. Kisha akamvutia kiti, akamuuliza hali ya mama.