Uso Nilioufunika kwa Shuka ya Mjane

Iko siku moja ninaikumbuka, mwanangu, na kila ikinijia inaanza na vumbi. Vumbi la asubuhi pale kwenye kizuizi cha barabara, mwisho wa Isiolo, jua halijawa kali, malori yamepanga foleni kuelekea kaskazini. Siku nyingi za ujana wangu zimefifia, lakini hiyo huja yenyewe nikiwa nimekaa na kikombe cha chai, kama sasa hivi. Basi keti. Najua umerudi kutoka hospitali umefura, kwa sababu mgonjwa usiyemjua amekuita kasichana, akakuuliza daktari mwenyewe yuko wapi. Nimekusikia ukifunga mlango. Mlango haujakukosea, mwanangu.

Unajua nilikuleta hapa Bulla Pesa, Isiolo, kutoka Merti ukiwa mchanga. Usilolijua ni vile nilivyokaribia kukukosa.

Mama yako, dada yangu Habiba, alikuwa ameolewa Merti kwa watu wa ng'ombe, watu wazuri sana. Alikuzaa, akafariki, Mungu amrehemu. Baba yako alikuwa ameshatangulia na mifugo, maana mvua ilikuwa imekataa. Mama yake, nyanya yako, yule tuliyemwita Akko Tume, akatuma habari kwa dereva wa lori: nao wanahama, na mtoto mchanga hataiweza safari hiyo. Kama upande wa mama yake kuna mtu mzima wa kumlea, aje haraka. Kama hakuna, mtoto atapewa jamaa zao wa mbali, watu ambao sisi hatukuwajua hata kwa jina. Mama yangu miguu ilikuwa imemshinda. Mume wangu Abdi, huyu unayemwita baba, alikuwa barabara ya Moyale na lori lake. Nikabaki mimi.

Na mimi nilikuwa mke wa mtu, nina wavulana wawili, lakini uso ulikuwa wa msichana wa shule. Ukoo wetu ndivyo ulivyo, tunachelewa kuiva. Nilipanda lori, nikakaa juu ya magunia, nimefunga kilemba kama mke yeyote. Hata kizuizi hatujapita, mzee mmoja nisiyemjua akaniuliza namtoroka nani. Mama mmoja akasema kilemba nimemwibia mama yangu. Nikawaambia nina watoto nyumbani, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwisho dereva mwenyewe akaingiwa na hofu, akasema hataki kesi ya mtoto wa watu, akanishusha. Lori likaenda zake. Nikarudi nyumbani kwa miguu nikilia njiani, na kule kulia, nadhani, kulinifanya nionekane mdogo zaidi.

Hasira hasara, mwanangu. Kesho yake kulikuwa na lori lingine. Nikafungua sanduku la mama, nikatoa shuka nyeupe aliyoivaa akiwa kwenye eda ya baba yangu. Kwetu ukimwona mwanamke amejifunika nyeupe kichwa mpaka miguu, unajua amefiwa na mume, na mjane haulizwi umri. Nikajifunika mpaka karibu na macho. Mama sikumuaga.

Na wallahi ilinisaidia. Niliitwa mama. Nikapewa kiti cha mbele, karibu na dereva, na njia nzima hakuna aliyenisemesha ila kwa pole. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia tena. Nje mikoche ilikuwa ikielea kwenye joto, ngamia wakipita kama hawana miguu, na ndani ya ile shuka nilikuwa mtu mwingine, mzee, aliyekwisha kuona mengi. Nilipenda, sitakudanganya. Kuna wakati nilitaka kumkumbuka Abdi, uso wake ukakataa kuja, kama kwamba kweli ameshakwenda. Niliogopa, lakini shuka sikuifungua.

Merti tulifika alasiri. Habari zilikuwa zimeshuka kwenye lori kabla yangu. Akko Tume akaja kunipokea analia, anataja jina la Abdi, kwa maana Abdi alikuwa akila kwake kila akipeleka mzigo. Akanishika mikono yote miwili.

"Abdi amekufa lini, binti yangu?"

Nyuma yake walisimama wanawake wawili wa boma, na nikamsikia mmoja akisema kwa Kiborana kwamba mjane hapewi mtoto mchanga, atamlisha nini, heri mtoto aende kwa wale jamaa. Ndipo nilipoona nilichojifanyia. Nimekuja kukuchukua, na shuka niliyoivaa nifike kwako ndiyo inayokunyang'anya mikononi mwangu.

Nikasema ukweli wote. Yule mzee wa lori, kilemba, kushushwa, sanduku la mama. Akko Tume hakuwa mtu wa kelele.

"Umemzika mume aliye hai," akasema, "ili watu wa lori wasikuulize miaka yako. Hao watu sasa wako wapi?"

Nikageuka. Abiria walikuwa wametawanyika, kila mmoja na mzigo wake, hakuna hata mmoja aliyeangalia nyuma. Nilishikwa na aibu ambayo sijawahi kuisahau.

Akaishusha ile shuka kutoka kichwani mwangu, polepole, akanitazama. Nikangoja na yeye aseme ameletwa mtoto kubeba mtoto. Badala yake machozi yakamtoka upya, safari hii si ya Abdi.

"Huu uso wa Habiba nimeuosha juzi tu," akasema. "Nilijua sitauona tena. Na wewe unauficha?"

Aliingia ndani, akatoka nawe. Hakuniuliza kitu kingine. Alikuweka mikononi mwangu, ukafungua macho, ukanitazama. Kisha akaichukua shuka, akaipasua vipande. Kwa kimoja akakufunga mgongoni mwangu, vilivyobaki vikawa nepi. Alisema nguo ya msiba ikikojolewa na mtoto, msiba umekwisha.

Nilirudi Isiolo juu ya magunia, uso wazi. Mwanamume mmoja akasema tazameni, mtoto amebeba mtoto. Nikamwambia ndiyo, na huyu wa mgongoni amechoka, hebu sogea tukae. Akasogea. Abdi naye alirudi salama, Alhamdulillahi, na nilivyomng'ang'ania siku hiyo aliniuliza nani amekufa.

Basi sikia, mwanangu. Mtu wa njiani akikuambia unaonekana mdogo, amesema alichokiona, ulichokibeba hakijui. Mjibu kama una jibu, nyamaza kama umechoka. Hata kukasirika nakupa ruhusa, kwa sababu si adabu kumpima mtu ambaye hakuomba kupimwa. Lakini usijivike kisicho chako ili mpita njia akuheshimu. Usikunje uso, usikaze sauti, usizike kitu chako kilicho hai. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na watu wa lori ndio msala upitao, hata wawe wengi kiasi gani. Kesho mtibu yule mgonjwa vizuri. Akikutambua, sawa. Asipokutambua, apone tu, aende kwao.

Tena uso huo si wako peke yako. Habiba hakuifikisha miaka uliyo nayo leo. Umempita, na bado unaendelea. Wakisema hujakua, mimi huona dada yangu anaingia mlangoni. Leo ameingia amefura, amebamiza mlango. Alikuwa hivyo hivyo.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe maisha marefu, akuzeeshe taratibu, mikunjo ije kwa wakati wake ukiwa umecheka vya kutosha. Akupe uzee ambao mama yako hakupewa, na mimi nipate kuuona hata mwanzo wake. Amin. Sasa sogea hapa karibu na dirisha, penye mwanga, nikutazame.